Nikiita send ndani ya for, wateja wengine hawapati meseji: mazungumzo ya jenereta na mlaji wake

Swali

Assalam aleikum. Nafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa. Nimeandika programu ya Python inayosoma faili la makontena yaliyoruhusiwa kutoka bandari ya Kilindini, kisha inawapelekea wateja na madereva meseji, rekodi 50 kwa fungu moja. Mtandao ukizidiwa fungu hukataliwa, kwa hivyo ndani ya kitanzi cha `for` naita `g.send(10)` ili jenereta (fanksheni inayotoa thamani moja moja kwa `yield`, kisha kulala hadi iombwe nyingine) ipunguze ukubwa wa mafungu. Amri inafika na mafungu yanapungua kweli. Lakini siku za mtandao mbovu kuna wateja hawapati meseji kabisa, na hakuna kosa linaloonekana. Tena nikijaribu kuita `send` mwanzo kabisa, napata TypeError. Je, `send` haifai kwa kazi hii, ama ni mimi ninayeitumia vibaya?

Msomaji, Tudor

Jibu

Waaleikum salaam, ndugu yetu. `send` inaifaa sana kazi yako. Kisichofaa ni kuiita ndani ya `for` inayosoma jenereta ileile. Msimbo wako, jinsi tulivyouelewa, ni huu:

```python
def mafungu(rekodi, ukubwa):
    fungu = []
    for r in rekodi:
        fungu.append(r)
        if len(fungu) == ukubwa:
            amri = yield fungu
            if amri is not None:
                ukubwa = amri
            fungu = []
    if fungu:
        yield fungu

g = mafungu(rekodi, 50)
for fungu in g:
    if not tuma(fungu):
        g.send(10)
```

Fuatilia faili la rekodi 200 uone kinachotokea. `for` inachukua rekodi 1 hadi 50, `tuma` inakataliwa, nawe unaita `g.send(10)`. Jenereta inaamka, inaweka ukubwa kuwa 10, inakusanya rekodi 51 hadi 60, inafika kwenye `yield` na kulitoa fungu hilo. Linakwenda wapi? Linarudi kama thamani ya `g.send(10)`, nawe hukuipokea thamani hiyo, kwa hivyo limekwisha potea. Kisha `for` inarudi juu, inaomba fungu jingine, inapewa 61 hadi 70. Rekodi 1 hadi 50 zilikataliwa na hakuna aliyezirudia; 51 hadi 60 hazikujaribiwa hata mara moja. Wateja 60 hawana habari kwamba makontena yao yameruhusiwa huku siku za uhifadhi zikihesabika, na Python haikuona kosa lolote kwa sababu kutupa thamani ya fanksheni si kosa.

Hapo ndipo shina la shida yako: `send` haipeleki tu. Kila `send` hupeleka thamani moja na kuchukua thamani moja, kwa tendo lilelile. `next(g)` ni `g.send(None)` yenye jina jingine. Ni kama bao: ukimaliza kusogeza kete, zamu si yako tena, na hakuna njia ya kusogeza mara mbili bila mwenzako kucheza katikati. Basi ukiwa na `for` inayochukua na `send` inayochukua pia, una walaji wawili, yaani sehemu mbili za msimbo zinazochukua thamani, kwenye jenereta moja, na mmoja wao anatupa chakula.

Kuna jambo jingine ambalo huenda bado hujakutana nalo. Fungu la mwisho likikataliwa, `g.send(10)` itakuta jenereta haina cha kutoa, na programu itakatika kwa `StopIteration` katikati ya kitanzi. `for` hukamata ile inayotokana na ombi lake yenyewe tu. Inayotoka kwa `send` uliyoiandika ndani yake haiishughulikii.

Sasa TypeError ya mwanzo. Ujumbe wake kamili ni `can't send non-None value to a just-started generator`, na sababu yake inaonekana ukiusoma mstari wa `amri = yield fungu` polepole. Upande wa kulia hufanya kazi kwanza: fungu linatolewa, jenereta inalala papo hapo, kabla `amri` haijapata chochote. Itakapoamshwa ndipo thamani iliyotumwa inawekwa ndani ya `amri`. Jenereta iliyozaliwa sasa hivi haijafika kwenye `yield` yoyote. Imesimama kabla ya mstari wake wa kwanza, na hakuna kigeu kinachosubiri kupokea. Python inakataa waziwazi, na tunaipongeza kwa hilo. JavaScript, ambayo ilipata jenereta mwaka 2015, huipokea thamani ya `next(v)` ya kwanza na kuitupa kimya. PHP huisogeza jenereta hadi `yield` ya kwanza kisha ndiyo inaipa thamani, maana yake kilichotolewa na `yield` ile ya kwanza hukioni usipokiuliza mapema kwa `current()`. Lua ina adabu nzuri zaidi: thamani za `coroutine.resume` ya kwanza zinaingia kama vigezo vya fanksheni yenyewe. Ukihamisha msimbo kati ya lugha hizi, mwanzo ndio mahali pa kuangalia kwanza.

Tafsiri ya kazi yako kwa maneno ya kawaida ni hii: kila fungu linalotoka lina jibu, ama limefika ama halikufika. Kazi ya namna hiyo, ambapo kila kinachotoka lazima kirudishiwe jibu, ndiyo `send` iliyotengenezewa. Pia tungeshauri mlaji asiamue ukubwa. Yeye aseme tu limefika au la, na jenereta, ambayo ndiyo yenye foleni, iamue la kufanya:

```python
from collections import deque
from itertools import islice

def mafungu(rekodi, kikomo=50):
    chanzo = iter(rekodi)
    foleni = deque()
    ukubwa = kikomo
    zimefika, zimekwama = 0, []
    while True:
        pengo = max(0, ukubwa - len(foleni))
        foleni.extend(islice(chanzo, pengo))
        if not foleni:
            return zimefika, zimekwama
        idadi = min(ukubwa, len(foleni))
        fungu = tuple(foleni.popleft() for _ in range(idadi))
        limefika = yield fungu
        if limefika is None:
            raise TypeError("jibu liwe True au False")
        if limefika:
            zimefika += len(fungu)
            ukubwa = min(kikomo, ukubwa * 2)
        elif len(fungu) > 1:
            foleni.extendleft(reversed(fungu))
            ukubwa = len(fungu) // 2
        else:
            zimekwama.append(fungu[0])
```

Fungu likikataliwa, rekodi zake zinarudishwa mbele ya foleni kwa mpangilio uleule. `extendleft` huingiza moja moja kutoka kushoto na hivyo hugeuza mpangilio, ndiyo maana ya `reversed`. Ukubwa unakatwa nusu. Likifika, unaongezwa maradufu hadi kikomo. Usipouongeza tena, hitilafu ndogo ya asubuhi itakuacha ukituma rekodi moja moja mpaka jioni. Rekodi iliyobaki peke yake na bado ikakataliwa inawekwa kando, la sivyo kitanzi hakitakwisha kamwe; mara nyingi utakuta nambari ya simu yenyewe ndiyo mbovu.

Fungu tumelifanya `tuple` kwa makusudi. Ukitoa orodha ya kawaida, mlaji anashika orodha ileile ambayo jenereta inaitegemea kwa kurudia. Siku atakapoifuta kwa `clear()` baada ya kutuma, jenereta haitakuwa na cha kurudisha kwenye foleni: rekodi za fungu lililokataliwa zitapotea na `fungu[0]` itazusha `IndexError`. Kuhusu ile hitilafu ya `None`: bila mistari ile miwili, mtu akiisoma jenereta hii kwa `for` ya kawaida, kila jibu litakuwa `None`, `None` itahesabiwa kuwa imeshindikana, na rekodi zote zitaishia kwenye zilizokwama. Afadhali programu ipige kelele.

Upande wa mlaji, kitanzi unakiandika mwenyewe:

```python
g = mafungu(rekodi)
jibu = None
while True:
    try:
        fungu = g.send(jibu)
    except StopIteration as mwisho:
        zimefika, zimekwama = mwisho.value
        break
    jibu = tuma(fungu)
```

`send` iko mahali pamoja tu katika programu nzima, na thamani yake inapokewa kila mara. Mzunguko wa kwanza unapeleka `None`, kwa hivyo TypeError haipo na hukuhitaji kuita `next` pembeni. `try` imezunguka mstari mmoja peke yake. Ukiiweka `tuma` humo ndani, `StopIteration` yoyote itakayoponyoka kutoka kwenye maktaba ya mtandao itaonekana kama mwisho wa faili. Na hakikisha kila njia ndani ya `tuma` inarudisha `True` au `False`, maana fanksheni iliyosahau `return` hurudisha `None`. Thamani ya `return` ndani ya jenereta inapatikana kwenye `mwisho.value`, jambo lililokuja na Python 3.3 mwaka 2012.

Kurudia kuna hatari yake. Seva inaweza kupokea rekodi 30 kati ya 50 kabla ya kukatika, na wewe ukayatuma yote 50 upya. Mteja kupata meseji mbili ni kero, ila dereva kupata mbili anaweza kudhani kuna kontena la pili. Ipe kila meseji ufunguo wake usiobadilika, na kabla ya kutuma uuangalie kwenye hifadhidata au uupeleke kwa seva kama inaupokea. Nambari ya kontena yenyewe ni msingi mzuri: chini ya kiwango cha ISO 6346 ina herufi 4, tarakimu 6 na tarakimu 1 ya uhakiki, jumla 11. Iunganishe na tarehe ya kuruhusiwa, kwa kuwa kontena lilelile litarudi Kilindini safari nyingine.

Ukitaka kubaki na `for`, iko njia, nasi tunaiona nzuri pale amri zinapokuja mara chache tu. Jenereta ikipokea amri, inajibu amri hiyo kwa `yield` tupu kabla ya kuendelea:

```python
amri = yield fungu
while amri is not None:
    ukubwa = amri
    amri = yield
```

Sasa `g.send(10)` inarudishiwa `None`, hakuna fungu linalopotea, na `for` inapokea linalofuata kama kawaida. Usiandike `if` badala ya `while`: amri mbili zikifuatana, ya pili itaangukia kwenye ile `yield` tupu na hakuna atakayeisoma. Lakini njia hii inapunguza ukubwa tu. Fungu lililokataliwa bado halina wa kulirudisha, na kwa kazi yako hilo ndilo kubwa zaidi.

Pamoja na `send`, mlaji ana sauti nyingine mbili: `throw` na `close`. Zote tatu ziliingia Python 2.5 mwaka 2006 kupitia pendekezo nambari 342 la Guido van Rossum na Phillip J. Eby, kabla ya hapo, tangu jenereta zilipokuja mwaka 2001, zilikuwa zinatoa tu bila kusikia. `g.throw(MtandaoUmekatika())` huzusha hitilafu palepale jenereta ilipolala, na jenereta inaweza kuikamata kwa `try` iliyoizunguka `yield`. Wengi wanajikwaa hapa vilevile ulivyojikwaa wewe: jenereta ikiikamata na kuendelea hadi `yield` nyingine, `throw` inarudisha thamani hiyo, na usipoipokea imepotea. Na ukiita `throw` kabla jenereta haijaanza, `try` yake haijafikiwa bado, kwa hivyo hitilafu inakurudia na jenereta inakufa.

`close` huzusha `GeneratorExit` kwenye `yield`. Hitilafu hii haimo katika familia ya `Exception`, kwa hivyo `except Exception` inaipisha kama inavyotakiwa. `except:` tupu ndiyo hatari, kwani inaimeza, jenereta inatoa thamani nyingine, na unapata `RuntimeError: generator ignored GeneratorExit`. Ikiwa jenereta yako inafungua faili la bandari ndani yake, weka ufungaji kwenye `finally`, kisha mlaji atumie `with contextlib.closing(mafungu(rekodi)) as g:`. Usitegemee kwamba `break` itafunga. `for...of` ya JavaScript hufunga jenereta ukitoka katikati, lakini ya Python haifungi. Faili hubaki wazi hadi jenereta itakapozolewa kwenye kumbukumbu, na kwenye PyPy, mfasiri mwingine wa Python, hilo huchelewa.

Siku utakapoigawa jenereta kubwa iwe ndogo mbili tatu, angalia jinsi unavyoziunganisha. Kuandika `for x in ndani(): yield x` kunapitisha thamani kwenda nje, lakini kila kinachotumwa na mlaji kinakwama kwenye jenereta ya nje na ya ndani haisikii kitu. `matokeo = yield from ndani()` hupitisha `send`, `throw` na `close` hadi ndani kabisa, na kukuletea thamani ya `return` mkononi. Hilo ni pendekezo nambari 380 la Gregory Ewing. Cha ndani lazima kiwe jenereta kweli: ukiandika `yield from` juu ya orodha kisha ukatuma thamani isiyo `None`, utaambiwa `'list_iterator' object has no attribute 'send'`. Vivyo hivyo usiifunike jenereta kwa `enumerate`, `zip` au `islice` ukitarajia bado kuzungumza nayo, kwani vitu hivyo havina `send`. Hesabu mwenyewe pembeni.

Utakuta mafunzo mengi yanakupa kiremba (decorator) cha `@anzisha` kinachoita `next` kwa niaba yako ili kuepuka TypeError. Usikiweke hapa. Kinafaa jenereta zinazopokea tu, ambazo thamani yao ya kwanza haina maana. Kwenye `mafungu` kingekula rekodi 50 za mwanzo, kisha `None` ya mzunguko wa kwanza wa mlaji ingezusha ile TypeError tuliyoiandika wenyewe.

Ukija kuweka nyuzi (threads) kadhaa zitume kwa pamoja, acha `send`. Jenereta moja haiwezi kuendeshwa na nyuzi mbili kwa wakati mmoja. Itatoa `ValueError: generator already executing`, na usalama wa kuifunga kwa kufuli haukupi kasi yoyote. Tumia `queue.Queue` mbili, moja ya mafungu na moja ya majibu, na ile ya mafungu uipe `maxsize`, tuseme 4, ili msomaji wa faili asiwatangulie watumaji mbali. Kwa upande wa `asyncio` ipo `asend`, lakini jenereta za huko hazikubali `yield from` wala `return` yenye thamani, kwa hivyo ile jozi ya zilizofika na zilizokwama utaitoa kwa njia nyingine.

Amri zikianza kuwa nyingi, yaani punguza, ruka mteja huyu, simama, toa takwimu, andika klasi yenye mbinu zenye majina hayo. `mgawaji.ruka(mteja)` inasomeka na mtu yeyote atakayeurithi msimbo, kuliko `g.send(("ruka", mteja))`. Kwa sasa jibu lako ni la ndiyo au hapana, na `send` inatosha.

Kabla ya kuiweka kazini, ijaribu bila mtandao. Toa namba 1 hadi 200 kwa `range(1, 201)`, na mahali pa `tuma` uweke fanksheni ya bandia:

```python
def tuma(fungu):
    return 113 not in fungu
```

Mafungu ya 50, 25, 24, 12, 6, 3 na 1 yatakataliwa kwa mfuatano, yale yasiyo na 113 yatapita katikati yao, na mwishoni `zimefika` iwe 199 na `zimekwama` iwe `[113]`. Kusanya pia kila namba iliyofika kwenye orodha na uthibitishe hakuna iliyorudiwa. Jaribio lilelile ukiliendesha kwenye msimbo wako wa zamani, utaona fungu la 101 hadi 150 limekataliwa na 151 hadi 160 zimetoweka nalo.